Hicho Kiti Kina Mwenyewe

Marlys Drescher alikuja kutukaangia samaki kwa wiki mbili tu. Mpishi wetu wa zamani alikuwa ameteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, na Marlys, ambaye mumewe Gene alikuwa mwenzetu wa Vietnam, aliombwa ashikilie jikoni mpaka mwenye kazi apone. Nyonga ilipona. Mpishi akahamia Arizona kuianika juani nyonga yake, na Marlys akabaki. Tangu hapo amemzika mume, amezika makamanda kadhaa wa kituo hiki, amechakaza majiko matatu, na ukimwuliza hata leo atakwambia yupo kwa muda tu.

Mimi naitwa Orrin Tesch. Nchi yangu niliipigania kwa kumenya viazi ndani ya meli ya kivita, na tangu nishuke melini sijamenya kiazi hata kimoja. Ndiyo maana nawaheshimu watu wa jikoni. Kituo chetu cha maveterani wa jeshi, hapa Kessing, Wisconsin, kina kamanda, naibu kamanda, mtunza hazina, mchukua bendera (ndiye mimi) na kasisi anayelala mikutanoni, lakini watu hawaji kwa ajili yetu. Wanakuja Ijumaa, kwa ajili ya samaki wa Marlys.

Kituo kinaitwa Ringstad-Wojtalewicz, au Wojtalewicz-Ringstad, inategemea umetokea ng'ambo ipi ya mto. Nitaeleza, maana siku hizi hata watoto wa hapa hapa hawajui.

Torvald Ringstad alikuwa kijana wa kwanza wa Kessing kufa katika vita vikuu vya kwanza. Alikufa kwa mafua, kambini Illinois, kabla hajapewa viatu vya saizi yake. Hakuna aibu katika hilo, mafua hayachagui. Lakini waliorudi kutoka vitani walitaka jina la kuweka mlangoni, na jina lililokuwapo lilikuwa hilo. Basi kila mwaka, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, kamanda husoma habari za Ringstad, na kila kamanda humsogeza mbele kidogo. Nilipojiunga mimi, Ringstad alikuwa ameshapanda meli. Kamanda aliyefuata akamfikisha Ufaransa. Delmar Pfaff, kamanda wetu wa sasa, amemwingiza handakini kabisa, na Mungu akimjalia Delmar maisha marefu, Ringstad atauteka Berlin.

Casimir Wojtalewicz yeye alizama kweli, na meli yake, kule Pasifiki katika vita vya pili. Wapolandi wa ng'ambo ya kusini, wana wa wahamiaji kutoka Poland, wakadai jina lake liwekwe. Wanorwei wa ng'ambo ya kaskazini wakasema sawa, liwekwe, lakini nyuma ya Ringstad. Wapolandi wakauliza, nyuma kwa sababu gani, mafua yana cheo? Watu wakanuniana. Harusi mbili zikavunjika. Mwishowe seremala mmoja, mtu wa dini isiyokuwa ya upande wowote, akatengeneza bango lenye nyuso mbili: ukitoka kaskazini unamsoma Ringstad kwanza, ukitoka kusini unamsoma Wojtalewicz kwanza. Hivyo ndivyo amani ilivyopatikana Kessing, kwa kila mtu kutosoma upande wa mwenzake.

Sasa, ndani ya ukumbi kuna meza moja isiyokaliwa, meza ya askari wasiorudi kutoka vitani. Iko dirishani, mahali pazuri kuliko pote, ambapo mto unaonekana na jua la jioni linaingia. Imetandikwa kitambaa cheupe. Juu yake kuna waridi, mshumaa, chumvi kidogo kwenye kisahani kwa ajili ya machozi, kipande cha limau kwa ajili ya uchungu wa yaliyowapata, na glasi iliyopinduliwa, kwa sababu wasiorudi hawawezi kunywa pamoja nasi. Kiti chake kimeinamishwa kikaegemea meza. Ijumaa ukumbi hujaa mpaka watu wanakula wamesimama, wazee na mikongojo yao, akina mama na watoto mgongoni, na meza ile iko tupu katikati yao wote. Hakuna anayeigusa. Tunaiheshimu kuliko altare. Kanisani angalau tunachelewa.

Gene Drescher alipokufa ghafla, ameshika usukani wa lori la maziwa, Marlys hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Lonnie alikuwa ndio kwanza ameanza shule. Basi kila alasiri basi la shule lilimshusha mlangoni petu, naye akaingia na mkoba wake kati ya wanaume wenye bia na karata. Viti vya kaunta vilikuwa virefu kwake. Meza nyingine zilikuwa na majivu ya sigara. Mtoto akatazama huku na huku, akaona meza safi, yenye mwanga, haina mtu. Akakisimamisha kiti vizuri, akakaa, akatoa daftari la hesabu. Halafu akachukua limau akalifyonza.

Delmar ndiye aliyekuwa karibu. Wakati huo hakuwa kamanda, alikuwa na hamu ya ukamanda tu.

"Wewe kijana! Toka hapo. Hicho kiti kina mwenyewe."

"Nani?"

"Askari ambaye hajarudi."

"Atarudi lini?"

"We toka tu, usibishane na wakubwa."

"Akija nitampisha, Bwana Pfaff. Nimebakiza hesabu tatu."

Sisi kwenye kaunta tulicheka mpaka bia ikatutoka puani. Delmar akamnyanyua kwa ukosi wa shati, akamweka juu ya sanduku la soda karibu na mlango wa jikoni. Kesho yake Lonnie alikuwa dirishani tena. Ikawa ndiyo desturi. Mtoto anakaa, aliye karibu anasema, "Toka hapo, hicho kiti kina mwenyewe," mtoto anatoka, sisi tukigeuza visogo anarudi. Na Marlys anakuja kutoka jikoni na kipande kipya cha limau, mkono mwingine kiunoni.

"Lonnie. Umefyonza tena uchungu wa watu?"

"Sio mimi, mama."

"Na hilo linalochuruzika kidevuni ni nini, jasho?"

Akakua. Akakaanga samaki na mama yake siku za Kwaresima, akacheza magongo ya barafuni vibaya kuliko mtoto yeyote niliyepata kumwona, akafanya kazi kidogo kwenye kiwanda cha jibini, halafu akajiunga na jeshi. Delmar alilia kwa fahari. Marlys hakulia, alikata kabichi ya watu mia wakati waliotazamiwa walikuwa hamsini. Lonnie akapelekwa Iraki, akapewa gari la maji. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wenzake maji ya kunywa. Siku moja bomu la kando ya barabara likamchukua yeye, gari na maji yote.

Nilibeba bendera mazikoni. Nimezibeba nyingi, na huwa naangalia mbele, sifikirii kitu, ndiyo siri ya kazi ile. Siku hiyo nilifikiri. Nilimwona amekaa pale dirishani na daftari lake la hesabu. Nilimpenda yule mtoto, basi.

Ijumaa iliyofuata Marlys alikuwa jikoni. Tukamwambia apumzike. "Nani atakaanga?" akauliza. "Nyinyi?" Tukarudi kwenye kaunta. Akatandika na meza ya dirishani kama kawaida, akaweka limau. Lakini tangu siku hiyo limau lile halikuwa na wa kulifyonza. Lilikaa pale wiki nzima mpaka likajikunja na kukauka kama sikio la mzee, ndipo Marlys akalibadilisha.

Miaka ikapita hivyo. Halafu watu wa Amdahl, mji wa jirani, wakanunua bango la umeme.

Mtu asiyemjua Delmar Pfaff hawezi kuelewa maumivu yale. Delmar alitumikia jeshi miaka miwili Ujerumani, akigawa mablanketi, wakati wa amani, na hajawahi kuisamehe dunia kwa kutulia wakati wa zamu yake. Kituo ndicho vita vyake. Na kituo kilikuwa kinapungua. Kila nikibeba bendera, ni mwanachama mmoja amepungua. Vijana waliorudi kutoka Iraki na Afghanistani hawakuwa wakija. Wale wa Amdahl walikuwa wakienda kituo cha kwao Amdahl, ambako herufi nyekundu zilikuwa zinakimbia juu ya mlango mchana na usiku. Delmar akawaza, akawazua, akaja jikoni siku moja ya Aprili. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kidirisha cha kupitishia sahani, na bia yangu.

"Marlys, mama, nina habari ya kukufurahisha."

"Ukianza hivyo huwa kuna choo kimeziba."

"Hapana, sikiliza. Vijana hawaji kwa sababu Ringstad na Wojtalewicz hawawaambii kitu. Tuwape mtu wa vita vyao. Tunataka kituo kibebe jina la Lonnie. Ringstad-Wojtalewicz-Drescher."

Marlys aliendelea kuwapaka samaki unga. "Bango lina nyuso mbili, Delmar."

"Ndiyo maana tunanunua la umeme! Herufi zinatembea. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho, wote wanazunguka."

"Wanazunguka na nini?"

"Na... na matangazo ya kawaida. Bingo. Bahati nasibu ya nyama. Samaki."

"Kwa hiyo mwanangu atapita kati ya bingo na samaki."

"Atapita kwa heshima," akasema Delmar.

Simu ya ukutani ikalia. Marlys akaipokea kwa mkono wa unga. "Ringstad-Wojtalewicz... Wa kukaanga... Ndiyo, na chipsi." Akaikata.

"Unajua huyu kasema nini? Kasema, 'Halo, Wojtalewicz leo wa kukaanga au wa kuoka?' Casimir Wojtalewicz alikuwa na mama, Delmar. Mama yake kamzaa, kampa jina, na leo jina lenyewe ni swali kama kuna chipsi."

"Watu wanamkumbuka, Marlys. Wanamkumbuka kila siku."

"Haya, niambie kitu kimoja kumhusu."

"Alizama."

"Kabla ya kuzama."

Delmar akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndani ya bia.

Mtu mwingine angeona aibu akaondoka. Delmar akatoa karatasi mfukoni. "Hata hotuba nimeshaianza. Sikiliza mwenyewe uone. 'Katikati ya mvua ya risasi, Lonnie Drescher alikimbilia mbele—'"

"Alikuwa anapeleka maji."

"Maji ni muhimu sana vitani, simaanishi—"

"Alikuwa anapeleka maji, Delmar, kwenye gari lililokufa redio, na kwa sababu redio imekufa alikuwa anaimba mwenyewe, na sauti hana. Aliniimbia kwenye simu nikamwambia aache." Akaweka samaki chini. Alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. "Nyinyi nawajua. Mtamsogeza. Mwaka huu kidogo, mwaka kesho kidogo, kama mlivyomsogeza yule wa mafua. Siku nikifa nikaenda huko nitamkuta shujaa fulani amesimama mlangoni, simjui, hanijui. Sitaki. Mniachie wangu alivyo."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe katiba ya kituo inasema jina huamuliwa kwa kura za wanachama, na Marlys si mwanachama. Yeye ni wa Chama cha Akina Mama, kinachooka keki, kinachofua bendera, na chenye haki kamili ya kupiga kura kuhusu rangi ya vitambaa vya kupangusia midomo.

Tukapiga kura. Nikasimama. Nikawaambia wanamvika kilemba cha ukoka mtoto aliyekufa na huku mama yake amesema hataki.

"Orrin, kaa chini, uko nje ya utaratibu."

"Niko nje ya utaratibu tangu nizaliwe! Mmemwuliza mama yake?"

"Tumemwuliza."

"Kasema nini?"

"Ana uchungu," akasema Delmar kwa upole. "Baadaye atatushukuru."

Nikashindwa vibaya. Na wanaume wale walinyoosha mikono huku wakilengwalengwa na machozi, wote, kwa sababu wote waliwahi kumtoa kwenye kile kiti na wote walimpenda. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hata mmoja. Kama wangekuwa nayo ningewachukia kwa raha zangu.

Siku ya kuzindua ikapangwa Ijumaa kabla ya siku ya kuwakumbuka waliokufa, ili samaki walete watu. Mji mzima ukaanza kunong'ona kwamba Marlys atagoma. Delmar akakonda. Mwishowe nikaenda kumwuliza mimi mwenyewe, nikamkuta anamenya viazi.

"Utapika Ijumaa?"

"Kwa nini nisipike? Watu waje na njaa warudi na njaa kwa sababu ya bango?"

"Ningekuwa mimi ningegoma."

"Ungekuwa wewe ungekuwa umeshika kisu hapa badala ya kuniangalia. Kaa, mzee, umenye."

Nikamenya viazi. Baada ya miaka yote ile.

Ijumaa ikafika. Sijapata kuona ukumbi umejaa vile. Walikuja Wanorwei, wakaja Wapolandi, wakaja na watu wa Amdahl kuona kama bango letu ni kubwa kuliko lao. Walikuja hata vijana wetu wachache wa vita vya Iraki, wakasimama pembeni na ndevu zao, mikono mifukoni. Bango lilikuwa nje, limefunikwa shuka, na lilionekana vizuri kupitia dirisha la ile meza. Marlys alikuwa anaingia na kutoka na sahani tatu kwa mkono mmoja, hamtazami mtu. Delmar alikuwa na kofia ya kituo, medali yake ya mablanketi, na kipaza sauti.

Shuka likavutwa. Herufi nyekundu zikaanza kukimbia. RINGSTAD. Makofi. WOJTALEWICZ. Makofi. DRESCHER. Makofi makubwa, na kabla hayajaisha likawa limeshapita: SAMAKI KULA UTAKAVYO. Wengine walikuwa bado wanapiga makofi, kwa hiyo samaki nao wakapata yao. BINGO JUMATANO.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo mama mmoja wa Amdahl, mtu mwema kabisa, amebeba mtoto. Akageuka akaniuliza, "Samahani, hiyo Drescher ndiyo nini? Chakula kipya?"

Marlys alikuwa anapita nyuma yake. Alisikia. Nilijua amesikia kwa sababu sahani hazikutikisika hata kidogo.

Akaziweka mbele ya watu ambao hawakuwa wameziagiza. Akarudi jikoni. Delmar alikuwa ameanza hotuba, na alikuwa ameshafika kwenye mvua ya risasi, wakati Marlys alipotoka tena na sahani moja tu: samaki, rundo la chipsi, sosi ya nyanya nyingi, bila kabichi. Sisi wa zamani tuliijua sahani ile. Ilikuwa inaliwa juu ya sanduku la soda. Chini ya kwapa alikuwa na chupa ya soda, na aproni alikuwa ameivua. Watu wakampisha wakidhani anampelekea mtu. Akaenda mpaka dirishani, akakisimamisha kile kiti, akaigeuza glasi ikatazama juu, akamimina soda, akakaa.

Ukumbi ulinyamaza kuanzia dirishani kwenda nyuma, meza kwa meza, mpaka akabaki Delmar peke yake.

"—Lonnie Drescher alikimbilia mbele—" Akamwona. Akasita. Na naapa hakufikiri, yalimtoka yenyewe, kwa mazoea ya miaka, na kipaza sauti kikayabeba mpaka jikoni: "Marlys, toka hapo. Hicho kiti kina mwenyewe."

"Najua, Delmar," akasema Marlys. "Si ndiye ninayemsubiri. Nimechoka kumsubiri nikiwa nimesimama."

Akaanza kula chipsi.

Hakuna katiba ya kituo chochote inayosema mtu afanye nini hapo. Wanaume waliopigwa mizinga Korea walikuwa wanatazama viatu vyao. Mimi nililia, sikujificha, na mama wa Amdahl akanishika mkono bila kujua kwa nini. Nje ya dirisha, juu ya kichwa cha Marlys, bango liliendelea: DRESCHER. SAMAKI. BINGO. Alipomaliza chipsi akachukua kipande cha limau, akakifyonza chote, uso ukamkunjamana, na ukumbi mzima ukameza mate.

Ndipo tukasikia harufu ya kuungua. Samaki walikuwa jikoni peke yao. Watu wakamtazama Marlys. Marlys akanywa soda yake.

Delmar akaweka chini kipaza sauti. Alisahau kukizima, basi tukasikia viatu vyake vikienda jikoni, mlango ukibamizwa, na baada ya muda sauti yake kutoka mbali: "Orrin! Hiki kitu kinazimwaje?" Nikaenda. Nikamkuta kamanda wa kituo amesimama kwenye moshi na kofia yake na medali, ameshika koleo la samaki kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sio yote yalikuwa ya moshi.

"Nilikuwa nampenda," akaniambia.

"Najua. Punguza moto."

Kwa mara ya kwanza maishani Delmar Pfaff aliingia kwenye moto. Tulikaanga wawili. Samaki wakatoka wameungua upande mmoja, upande wa pili wabichi, na chipsi sitaki hata kuzitaja. Tukazipeleka mezani wenyewe. Hakuna aliyerudisha sahani. Vijana wa Iraki walikula mara mbili.

Jina likaondolewa kwenye mkutano uliofuata. Delmar ndiye aliyetoa hoja, kwa sauti ndogo, na hakuna aliyeomba maelezo. Bango la umeme bado tunalo, linakimbiza Ringstad na Wojtalewicz na samaki, na ugomvi umerudi, kwa sababu Wapolandi wanadai Ringstad hukaa sekunde nyingi zaidi. Hotuba ile Delmar hakuisoma tena. Siku ya kuwakumbuka waliokufa alisimama akasema Lonnie Drescher wa Kessing alikuwa dereva wa gari la maji na alikuwa anaimba vibaya, akakaa. Ringstad naye mwaka huo alikufa kwa mafua. Watu wengine walishtuka.

Na meza ya dirishani? Wiki chache baadaye alikuja binti mmoja aliyewahi kuendesha malori Afghanistani, amekuja na mtoto wake wa kike na mkoba wa shule, ukumbi umejaa. Mtoto akatazama huku na huku. Akaona meza safi, yenye mwanga, haina mtu. Akaenda akakisimamisha kiti, akakaa. Delmar, aliyekuwa karibu, akafungua mdomo. Tukageuka wote kwenye kaunta, kila mtu na glasi yake hewani.

"Angalia usimwage sosi kwenye kitambaa," akasema Delmar.

Sasa kila Ijumaa kuna mtoto pale, mmoja akitoka mwingine anaingia, na kitambaa cheupe si cheupe tena. Limau halimalizi jioni. Marlys hutoka jikoni na kipande kipya, mkono mwingine kiunoni, akamwuliza yeyote aliyekaa pale ni nani amefyonza uchungu wa watu, na mtoto hukana, na kidevu kimelowa.